Mkebe wa Poda

Kila siku saa nane mchana, kengele ya mwisho ilipogongwa, wanafunzi kumi na wawili wa darasa la sita hawakwenda nyumbani. Walijipanga mstari mmoja mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, wakahesabiwa, kisha wakateremka hadi kwenye karakana ya chapa iliyokuwa nyuma ya stesheni ya Korogwe. Hiyo ndiyo ilikuwa zamu yao ya elimu ya kujitegemea. Wenzao waliopangiwa shamba la shule walirudi nyumbani na malengelenge mikononi. Wao walirudi na wino kwenye kucha, na walijiona wana bahati.

Mwaka huo, 1975, karakana ilikuwa inatengeneza vitabu vidogo vya kisomo cha watu wazima. Kila kitabu kilikuwa na karatasi nane. Zamani wanawake wanane walizunguka meza ndefu kutwa nzima, kila mmoja akiokota karatasi moja moja kutoka mafungu manane, akizilinganisha na kuzibana pini, kisha akianza tena. Jioni miguu yao ilikuwa imevimba. Halafu ikaja mashine. Ilikuwa na trei nane za bati, na juu ya kila trei palikuwa na gurudumu la mpira lililovuta karatasi moja tu. Karatasi nane zilikutana juu ya mkanda, zikagongwagongwa mpaka kingo zikalingana, zikapigwa pini mbili, kisha kitabu kikatupwa mezani juu ya vingine. Amne, binti wa miaka kumi na miwili, hakuchoka kuitazama.

Mwendeshaji wa mashine alikuwa Mzee Yordani, Msambaa wa Mashewa, baba yake Paulina. Paulina na Amne walikaa dawati moja tangu darasa la pili, wakagawana kalamu na muhogo wa kuchemsha. Mama yake Amne, Tatu, alikuwa mmoja wa wale wanane wa mezani. Mashine ilipokuja alihamishiwa kwenye kufunga vitabu katika mabunda ya kwenda vijiji vya Handeni. Wiki hiyo bunda kubwa kuliko yote lilikuwa la Sindeni, ambako watu wazima mia mbili walisubiri vitabu ili wajiandae kwa mtihani wao.

Mashine ile ilikuwa na adui mmoja, nayo ni masika. Mvua zikianza, karatasi hunyonya unyevu na kushikana, na gurudumu huvuta mbili au tatu kwa mpigo. Dawa yake ilikuwa poda nyeupe, laini, iliyotunzwa kwenye mkebe. Kazi ya Amne ilikuwa kuzipepea karatasi, kunyunyiza poda kidogo, na kuzipanga kwenye trei. Mzee Yordani alimwamini kwa kazi hiyo, maana mikono yake mwenyewe ilikuwa haiishi grisi na wino.

Jumatatu poda ikaisha. Mzee Yordani akamwita Amne, akampa mkebe mtupu na hati yenye mhuri.

"Kimbia ghalani kwa Ndugu mtunza bohari, mwanangu. Wanafunga saa tisa na nusu. Mwambie aujaze mpaka juu. Nataka kazi hii iishe Ijumaa, Jumamosi niende Mashewa kumwona mama. Wameniletea habari kwamba hali chakula tena."

"Nimesikia, mzee," Amne akajibu, akatoka mbio.

Mbio zile zilifika uwanjani, zikaishia hapo. Wasichana wa mtaa wa Manundu walikuwa wanacheza rede, na upande wa akina Swaumu ulipungukiwa mtu mmoja. Amne alikuwa mwepesi wa kukwepa mpira kuliko wote. Wakamwita. Akaweka mkebe chini ya mti, akajiambia atacheza mara moja tu. Mara moja ikawa mbili, chupa ikajazwa mchanga, ikamwagwa, ikajazwa tena. Alipofika ghalani akakuta kufuli mlangoni, kubwa kama ngumi.

Akarudi karakanani aseme nini? Kwamba kazi ya watu mia mbili imesimama kwa sababu ya rede? Mzee Yordani asingempiga, lakini Ndugu Mhina, meneja, angemwandikia mwalimu mkuu, na fimbo ya mwalimu mkuu aliijua kila mtoto. Halafu akakumbuka kibuyu cha unga nyumbani.

Ulikuwa unga wa muhogo, bibi yake aliutuma kutoka Makuyuni. Katika mwaka ule wa njaa, watu walipokula unga wa njano wa msaada ambao kila mtu aliuita Yanga, kibuyu kile kilikuwa mali. Mama alikuwa bado kazini. Amne akachota bakuli mbili, akauchekecha kwa kitambaa cha khanga kuukuu mpaka ukawa laini, akaujaza mkebeni, akashindilia mfuniko. Ulikuwa mweupe kama poda, na ulipotimuka kidogo ulielea kama poda. Kila mtoto wa Korogwe anajua kwamba unga wa muhogo ukichanganywa na maji moto hutoa gundi ya kufunikia madaftari. Amne mwenyewe alikuwa fundi wa gundi hiyo. Lakini huu ni mkavu, akajiambia. Mkavu una ubaya gani? Hati yenye mhuri akaichomeka ndani ya jalada la daftari lake la hesabu.

"Umechelewa," Mzee Yordani akasema alipomwona.

"Kulikuwa na foleni, mzee."

"Haya. Weka hapo."

Jumanne na Jumatano mashine ilikwenda vizuri. Ilikwenda vizuri hata Mzee Yordani akamgeukia Amne na kucheka. "Poda ya safari hii imetulia," akasema. Amne naye akacheka, hofu ikamtoka, akaona kumbe kadanganya kwa faida ya wote. Jumatano jioni ikanyesha mvua ya mawe, bati la karakana likavuja pembeni, na unyevu ukajaa chumba kizima.

Alhamisi asubuhi Amne alikuwa darasani. Yaliyotokea aliyasikia alasiri, kutoka kwa mama yake. Mzee Yordani aliwasha mashine, magurudumu yakagoma, kisha yakazunguka kwa kukwama. Karatasi tano zikaingia kwa pamoja kwenye mdomo wa pini, sindano ikapinda, mota ikanguruma na kutoa moshi. Kabla hajafika kwenye swichi, mota ilikuwa imeungua. Fundi aliyekuwa amekuja kutoka Tanga kutengeneza mashine nyingine akaitwa. Akafungua kifuniko, akapitisha bisibisi juu ya gurudumu, akabandua ganda gumu la rangi ya kijivu.

"Hii ni gundi," fundi akasema. "Na mashine haijitii gundi yenyewe."

Maneno hayo ndiyo yaliyommaliza Mzee Yordani. Ufunguo wa chumba cha mashine alikuwa nao yeye peke yake. Isitoshe, katika mkutano wa wafanyakazi wa mwezi wa pili alikuwa amesimama na kusema: "Mashine hii inafanya kazi ya kina mama wanane. Hao kina mama mmewaandalia nini?" Siku ile watu walimpigia makofi. Sasa Ndugu Mhina aliyakumbuka maneno yale upande wake mwingine. Mtu aliyeichukia mashine, akabaki nayo, ikaharibika. Siku zile neno hujuma lilikuwa karibu na midomo ya watu, na likishatamkwa lilikuwa gumu kurudishwa. Askari wawili wakaitwa.

Amne na wenzake walipofika, askari mmoja alikuwa amekaa juu ya bunda la karatasi akiandika. Akawauliza watoto mmoja mmoja. Ikafika zamu ya Amne.

"Wewe ndiye uliyetumwa poda?"

"Ndiyo, afande."

"Uliileta?"

Mzee Yordani alikuwa amesimama ukutani, mikono nyuma, akimtazama. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa anamtazama kama mtu anayejua kwamba sasa jambo litaeleweka.

"Niliileta," Amne akasema.

"Kutoka ghalani?"

"Kutoka ghalani, afande."

Askari akaandika. Hakuna aliyekwenda ghalani kuuliza, maana hakuna aliyeona sababu ya mtoto kusema uongo juu ya poda. Wakamchukua Mzee Yordani. Alipopita mlangoni akamwambia Tatu, "Mama Amne, mwambie mke wangu ampelekee mama habari kwamba Jumamosi huenda nisifike." Alasiri hiyo, watu wote walipokuwa wamekusanyika nje kusemezana, Amne akamwaga unga uliobaki chooni, akauosha mkebe mpaka ukang'aa.

Ijumaa kazi ya zamani ikarudi. Meza ndefu ikatolewa, mafungu manane yakapangwa, wanawake na wanafunzi wakaanza kuzunguka. Sindeni walikuwa hawawezi kungoja. Amne akazunguka pamoja nao, akiokota karatasi moja, mbili, tatu, mpaka ya nane, na kila alipomaliza mzunguko alijikuta anatazama kiti kitupu cha Mzee Yordani kando ya mashine. Mara nne alifungua mdomo kumwambia mama yake. Mara nne akaufunga. Alijiambia watamwachia kesho, kwani hana kosa, na mtu asiye na kosa hafungwi.

Kesho haikuwa hivyo. Jumamosi hawakumwachia, wala Jumapili. Jumatatu shuleni mtoto mmoja akachora kwa chaki nyuma ya dawati lao: MTOTO WA MHUJUMU. Paulina akayafuta maneno hayo kwa kiganja, akakaa, akafungua daftari. Hakulia. Wakati wa mapumziko hakuna aliyemwita kucheza. Amne alikaa naye, akamkatia nusu ya kiazi chake, na nusu iliyobaki akairudisha mfukoni.

"Baba hajafanya," Paulina akasema. "Wewe unajua hajafanya. Ulikuwa naye."

"Najua," Amne akajibu, na hapo alisema kweli kwa mara ya kwanza katika wiki nzima. Hakuthubutu kuendelea.

Nyumbani nako, Tatu alikuwa ameona kibuyu kimepungua. "Panya wa mwaka huu wamejifunza kutumia bakuli," akasema kwa utani, huku akimtazama binti yake upande. Amne akainama kuchochea moto.

Jumanne dawati lilikuwa na mtu mmoja. Mwalimu akatangaza kwamba Paulina amekwenda Mashewa na mama yake, bibi yake amefariki alfajiri. Amne akahesabu kwa vidole chini ya dawati: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Siku nne kamili tangu siku ya kuulizwa. Akaomba ruhusa ya kwenda nje, akakaa nyuma ya choo mpaka kengele ilipogongwa. Hata siku hiyo hakusema. Sasa aliogopa zaidi ya mwanzo, maana kilichokuwa kosa la mkebe kilikuwa kimekua kikawa kitu asichojua hata jina lake.

Paulina alirudi shuleni Ijumaa, amenyolewa nywele. Walitembea pamoja baada ya masomo, na Paulina akasimulia bila kuulizwa.

"Wanasema bibi alimwita baba Jumatatu yote. Alikuwa anasema, mlango umegongwa, fungueni, huyo ni Yordani. Wanafungua, hakuna mtu. Hana mtoto mwingine wa kiume, Amne. Makaburini walimngoja baba mpaka jua likawa linazama. Mama alikuwa amepeleka ombi polisi, baba aruhusiwe hata kwa saa chache. Halikujibiwa. Mwisho mchungaji akasema hatuwezi kungoja tena. Udongo wa kwanza akautupa jirani."

Amne akasimama katikati ya njia. Kisha akageuka na kukimbia, na safari hii hakusimama popote.

Tatu alikuwa anasonga ugali wa Yanga. Amne hakukaa. Alisimama mlangoni, akasema yote kwa mara moja: rede, kufuli, kibuyu, foleni ya uongo, askari, mkebe uliooshwa. Alipomaliza akaleta daftari la hesabu, akachomoa hati yenye mhuri na kumpa mama yake.

Tatu aliishika hati ile kwa muda. Amne alingoja kofi. Mama hakuinua mkono. Aliepua sufuria, akafukia moto, akajifunga khanga kiunoni.

"Twende," akasema.

"Wapi, mama?"

"Kwa Ndugu Mhina kwanza. Kisha polisi. Utayasema haya mbele yao kama ulivyoyasema hapa, na mimi nitasimama karibu yako. Sitakusemea hata neno moja."

Walimkuta Ndugu Mhina anafunga ofisi. Alimsikiliza Amne akiwa amesimama, ufunguo mkononi, na uso wake ukabadilika mara mbili. Kwanza alikasirika. Halafu akaonekana kama mtu aliyekumbuka jambo alilolifanya yeye mwenyewe. Lakini alikuwa meneja, akataka ushahidi zaidi ya hati. Akafungua chumba cha mashine. Gurudumu lililofunguliwa lilikuwa bado juu ya meza ya fundi. Tatu akalisogelea, akakwangua ganda kwa ukucha, akaliweka ulimini. Akatafuna polepole.

"Ni muhogo," akasema, na machozi yakamtoka. "Unga wa mama yangu. Umechanganyika na mafuta ya mashine na unyevu, ukawa gundi. Wanawake wote wa hapa wangekwambia, Ndugu Mhina, kama kuna aliyetuuliza."

Ndugu Mhina akainama, akakwangua naye, akaonja. Akachukua koti lake, wakaenda polisi wote watatu.

Mzee Yordani aliachiwa Jumamosi asubuhi. Hakupita karakanani. Alikwenda moja kwa moja Mashewa, na habari zinasema alikaa kaburini kutwa nzima bila kuzungumza na mtu.

Jumatatu Amne aliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, akasimama mbele ya shule nzima mstarini. "Baba yake Paulina si mhujumu," akasema. "Mashine niliiharibu mimi, na uongo nilisema mimi." Baada ya hapo alipata viboko vyake, na mstari ukavunjwa. Siku hiyo Paulina alihamia dawati la mbele. Hakumtukana Amne, wala hakumsemesha.

Siku mbili baadaye Mzee Yordani alirudi Korogwe. Jioni, kabla ya jua kuzama, Tatu na Amne walikwenda nyumbani kwake kumpa pole. Walimkuta amekaa kwenye kigoda kibarazani. Alikuwa amekonda, na ndevu zake zilikuwa nyeupe kuliko walivyozikumbuka.

"Shikamoo, mzee," Amne akasema, akapiga magoti.

"Marahaba. Inuka, ukae."

Tatu akatoa pole za msiba na kuomba radhi kwa niaba ya nyumba yake. Mzee Yordani akaitikia kwa kichwa. Kisha akamgeukia Amne.

"Siku ile askari alipokuuliza, nilikuwa nakutazama. Uliogopa nini?"

"Viboko, mzee."

"Umeshavipata?"

"Nimevipata Jumatatu."

"Vilikuwa vingapi?"

"Vitatu."

"Viliuma mpaka saa ngapi?"

Amne akafikiri. Alitaka safari hii aseme kweli tupu. "Mpaka kengele ya saa nne, mzee."

Ndani ya nyumba Paulina alikuwa anapanga vyombo, na sauti ya vyombo ikakoma.

"Mpaka kengele ya saa nne," Mzee Yordani akarudia polepole. "Sikiliza, mwanangu. Mama yangu hukumuua wewe. Alikuwa mzee na mgonjwa, siku zake zilikuwa zimefika. Kuwatuhumu watu bila kuuliza, hilo ni kosa la wakubwa, na wakubwa nitazungumza nao. Hata rede siilaumu, kila mtoto hucheza. Na unga ule ungeniambia Jumatatu, ningekukaripia, tukaukung'uta kwa brashi, tukaenda ghalani kesho yake. Ungeniambia Alhamisi, tungekuwa na mashine iliyoungua tu. Mashine hutengenezwa. Kosa likiwa bichi husemwa kwa maneno mawili. Ukilificha, wewe huoni, lakini linaendelea kutembea, linaingia katika nyumba za watu ambao hawakukukosea. Ukikosea, sema siku hiyohiyo. Usingoje upate ujasiri, maana ujasiri hauji kwa kungoja. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee. Nisamehe."

"Nimekusamehe," Mzee Yordani akasema. Akaitazama milima ya Usambara, upande wa Mashewa, ambako wingu la mvua lilikuwa linateremka. "Nimekusamehe kweli, na sitakukumbusha tena. Lakini msamaha wangu hauwezi kunifikisha Mashewa Jumatatu ile, mama alipokuwa anauliza nani amegonga mlango."